Somo: Kuchagua konrodi unapofunga upya injini ya boti yenye tabo

Wakuu habari za kazi. Konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti. Nitatumia mfano wa injini ya boti ya Yanmar 6LP maana ndani yake ni Toyota 1HD-FT ya Land Cruiser, silinda 6, pistoni 94 mm, straki (mwendo wa pistoni) 100 mm, lita 4.2 hivi, ila ile ya 6LPA-STP imekamuliwa hadi hosipawa 315 kwenye mizunguko 3800 kwa dakika. Ikishushwa tu injini, mwenye boti anaingia mtandaoni anakutana na konrodi za mashindano zinang'aa anataka hizo hizo. Subiri kwanza.

Hatua 1: jua konrodi inaumizwa na nini

Inaumizwa na vitu viwili, kugandamizwa na kuvutwa. Tabo, yaani feni inayosukuma hewa nyingi kwenye silinda, inaongeza kugandamizwa, presha ya mlipuko inaisukuma konrodi kwenda chini. Kuvutwa kunaletwa na mizunguko, pistoni ikifika juu kabisa kwenye straki ya kutoa moshi inataka kuendelea kupaa na boliti za kifuniko cha konrodi ndizo zinazoirudisha. Na huku kuvutwa kunapanda kwa mraba: ukitoka 3800 ukaenda 4200 umeongeza mizunguko kama asilimia 10 tu lakini boliti zinavutwa zaidi kwa asilimia 22. Ndiyo maana yule fundi anayechokonoa skrubu ya gavana (kizuia mizunguko) kwenye pampu ya dizeli anaua injini kuliko anayeongeza tabo kidogo.

Gari linashuka mlima linapumzika, boti haina mteremko, propela inadai mzigo saa zote, masaa manne matano mfululizo kwenye mwendo ule ule. Konrodi ya mashindano imetengenezwa kwa mizunguko mikubwa ya muda mfupi, hiyo siyo kazi yako.

Hatua 2: pima ulizonazo kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo watu wanaruka na hapa ndipo pesa inaokolewa. Kabla hujatoa pistoni, funga dayo geji (saa ya kupimia) juu ya bloku upime kila pistoni inapofika juu kabisa imesimama kimo gani. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa kama 0.1 mm au zaidi, ishuku hiyo konrodi imepinda ikawa fupi. Kwenye boti sababu kubwa ni maji. Egzosi ya boti inachanganya moshi na maji ya bahari kwenye elbo (bomba la kona), elbo ikiliwa na kutu kwa ndani maji yanarudi nyuma hadi kwenye tabo, yakikuta valvu iko wazi yanaingia silinda, na maji hayagandamiziki, ukipiga stata kitakachokubali ni konrodi. Intakula, inayopoza hewa ya tabo kwa maji ya bahari, ikitoboka nayo inaleta maji hayo hayo kwa mlango wa mbele.

Zikishatoka, zipeleke zikapimwe nyufa kwa sumaku, unyoofu, na tundu la chini linaloshika krenkshafti ukiwa umefunga kifuniko na boliti kwa toki kamili (nguvu ya kukaza iliyopangwa). Ukipima boliti zikiwa legelege hujapima kitu. Na weka alama vifuniko, kila kifuniko na konrodi yake, usiviweke kwenye beseni moja jamani.

Hatua 3: aina

Zikipita vipimo, zile orijino za kufuliwa zenye umbo la I rudisha, zinatosha kabisa kwa nguvu ya kiwandani. Zisipopita, nunua orijino mpya. Za umbo la H za chuma kigumu cha aina ya 4340 ni nzuri zikitoka kwa mtu anayejulikana, lakini ni nene, zungusha krenkshafti kwa mkono uone kama hazigusi bloku wala jeti za oili zinazopoza pistoni. Za aluminiamu sahau, zinachoka mapema.

Angalia na kichwa cha juu cha konrodi, kinachoshika pini ya pistoni. Injini nyingi za dizeli zenye tabo kichwa kimekatwa mshazari, chini kipana juu chembamba, ili pini ipate eneo kubwa pale inapogandamizwa. Lazima kilingane na pistoni yako.

Hatua 4: boliti, beringi, uzito

Boliti mpya, hasa zile za kufungwa toki halafu kuongezwa nyuzi za pembe, maana zimeshavutika. Beringi mpya, nafasi ya oili ipimwe. Uzito wa konrodi zilingane, kichwa cha chini peke yake na cha juu peke yake, siyo jumla tu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, konrodi zangu kifuniko kimekaa kama kimevunjwa, hakijanyooka. Mtu wa tena (mashine ya kuchonga chuma) anasema atakisaga kipate usawa.

Jibu: Mwambie aache. Hizo zimepasuliwa makusudi kiwandani ili zikae sehemu moja tu. Akisaga umepoteza konrodi. Tundu likizidi kipimo unabadilisha.

Swali: Boti yetu ya Mafia iliingia maji silinda moja, tukatoa nozeli tukayapuliza nje, sasa inawaka vizuri. Kuna haja ya kufungua?

Jibu: Dada, pima kompresheni leo. Hiyo silinda ikiwa chini ya nyingine, fungua. Iliyopinda kidogo inaweza kutembea vizuri tu mpaka siku ikatike itoboe bloku mkiwa mbali na pwani. Na elbo mmebadilisha? Halafu injini ikigoma kuwaka msikazane na stata huku valvu ya maji ya bahari iko wazi, pampu inajaza egzosi na hakuna moshi wa kuyasukuma nje.

Swali: Gerezani, Dar, nimepata konrodi za 1HZ, injini nyingine ya Land Cruiser isiyo na tabo, bei nusu. Zinaingia?

Jibu: Usiulize zinaingia, uliza zimetengenezwa kubeba nini. 1HZ haina tabo. Hapana.

Swali: Niko Muscat, nimeuziwa seti ya H na boliti za chuma aina ya L19, jamaa anasema ndizo kali kuliko zote.

Jibu: Ukali zinao, ila L19 haitaki unyevu, hata jasho la mkono linaweza kuianzishia ufa, inatakiwa ikae kwenye oili muda wote. Kwa injini ya baharini mwombe akubadilishie akupe boliti za chuma aina ya ARP 2000. Akikataa, nunua kando, bei ya boliti haifiki hata robo ya bei ya bloku.