Bima ya afya ya mtumishi wa umma: yashughulikie haya ukiwa mzima

Chukua salari slipu yako ya mwezi uliopita, tafuta mstari ulioandikwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania. Hiyo ni asilimia 3 ya mshahara wako. Mwajiri anaongeza asilimia 3 nyingine ambayo wengi hatuifikirii kwa sababu haipiti mikononi mwetu. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa 24,000, mwajiri anaweka 24,000, jumla 48,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 576,000. Naanza na hesabu hii kwa makusudi, maana mtu akishaijua haji tena dirishani kama anayeomba msaada.

Mimi ni muuguzi, na kwa muda mrefu nimepangiwa dirisha la bima katika hospitali ya halmashauri. Wanaonijia ni walimu, mabwana shamba, makarani wa mahakama, watendaji wa kata, na wazazi wao. Karibu kila usumbufu ninaouona pale umeanzia mbali na hospitali: ofisi ya utumishi, kwenye cheti cha kuzaliwa, au kwenye sahihi iliyowekwa bila kusoma. Ndiyo maana maelekezo yangu mengi ni ya siku ambazo huumwi.

Kwanza ujue ulicho nacho. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001, ukianzia kwa watumishi wa serikali kuu. Unachangia kwa asilimia ya mshahara. Hakuna aliyekuuliza kama una kisukari au presha kabla ya kukusajili, na karani wa ngazi ya chini akihitaji upasuaji haambiwi kwamba mchango wake haufiki. Ndani ya kitita cha mafao kuna kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji, meno, macho, mazoezi ya viungo, na hata kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Hilo la mwisho nalitaja kwa uzito. Mgonjwa wa figo huhitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, wiki baada ya wiki. Nimeona familia za wagonjwa wa keshi zikiuza kiwanja, kisha ng'ombe, kisha zikanyamaza. Mwenye kadi hai hafiki huko. Kwa hiyo kijana wa ajira mpya anaponiambia, "Sista, mimi siumwi, wananikata bure," namwambia aende akakae nusu saa nje ya kitengo cha figo.

Sasa wategemezi. Kadi inabeba watu sita: wewe mchangiaji, mwenza wako, na wengine wanne, ambao wanaweza kuwa watoto wako au wazazi, wako au wa mwenza. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapogombana. Una watoto watatu na wazazi wote wawili wako hai. Mtu mmoja atabaki nje. Usiijaze fomu ile kwenye meza ya afisa utumishi huku gari linakusubiri. Kaeni nyumbani mzungumze. Usidhani pia kwamba utamtoa mmoja na kumwingiza mwingine kila mwaka kulingana na nani anaumwa. Orodha haibadilishwi hivyo.

Kama nyote wawili ni watumishi mnaochangia, kila mmoja ana orodha yake. Wengi hawajui hili, au wanalijua lakini wanaona vigumu kulisema mbele ya wakwe. Wapo wanandoa ambao wote wamesajili watoto walewale, huku bibi mzaa baba, mwenye presha, hana kadi popote. Mmoja achukue watoto, mwingine achukue wazazi. Fanyeni hivyo hata kama mama mkwe ndiye atakayeingia kwenye orodha yako.

Kwenye vyeti naomba uwe mkali. Utahitaji cheti cha ndoa kwa mwenza, cheti cha kuzaliwa kwa mtoto, namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwa mtu mzima, na cheti chako mwenyewe cha kuzaliwa kuthibitisha kwamba yule mzee ni mzazi wako. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kama NIDA imeandika Zuhura na cheti kimeandika Zuhra, siku ya kuhakiki mfumo hautaelewa kwamba ni mtu mmoja. Kama cheti chako kinasema baba yako ni Mohamedi na kitambulisho chake kinasema Muhammad, anza kurekebisha leo, RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa au NIDA, kwa sababu kazi hiyo haifanyiki jioni ambayo mzee anatapika. Ukimaliza kusajili, rudi baada ya muda uhakikishe kwamba kila jina linaonekana na kila kadi iko hai. Fomu iliyopokelewa bado haijawa kadi.

Uhamisho ni mtego mwingine. Nakumbuka mwalimu aliyefika na mama yake usiku, mama amekaa kwenye benchi kajifunika khanga, anapumua kwa shida. Nikamsalimu, "Shikamoo mama," akaitikia kwa kichwa tu. Nikaingiza namba: kadi haisomi. Mwalimu akanionyesha salari slipu kwenye simu, makato yapo, mwezi ule na mwezi uliotangulia. Alikuwa amehama halmashauri moja kwenda nyingine, na taarifa zake kwenye Mfuko zilikuwa bado hazijakaa sawa kwa mwajiri mpya. Mama tulimpa oksijeni kwanza, kadi ikafuata baadaye, lakini vipimo vya usiku ule kijana alilipa keshi, na alikopa kwa mwenzake kwa simu akiwa amesimama pale pale mbele yangu. Makato yalikuwa yametoka mfukoni mwake. Iliuma.

Basi ukihama, ukipandishwa cheo, ukirudi kutoka masomoni au likizo ndefu, nenda mwenyewe kwa afisa utumishi wa kituo kipya ukaulizie taarifa zako za bima. Kisha nenda zahanati yoyote ya karibu, omba wahakiki kadi yako na za wategemezi, hata kama huna ugonjwa. Haichukui muda mrefu na hakuna atakayekufukuza. Salari slipu zako zihifadhi. Ukifika ofisi ya Mfuko ya mkoa na ushahidi wa makato, mazungumzo huwa mafupi.

Siku ya kuumwa, anza na kituo kilicho karibu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya. Kuruka moja kwa moja hadi hospitali ya kanda kama Bugando au KCMC bila rufaa, kwa jambo lisilo la dharura, ni kujitafutia maneno. Dharura ni habari nyingine. Mtu anayevuja damu apelekwe popote palipo karibu. Ukifika, sema mapema kwamba wewe ni mgonjwa wa bima, kabla hujalipia hata faili, kwa sababu ukishakatiwa risiti ya keshi kurudishiwa ni shughuli. Toa kadi au namba ya NIDA, wakuhakiki kwa alama ya kidole au sura. Wazee waliolima maisha yao yote vidole vyao vimefutika. Mashine inakataa mara tatu, nne. Mwambie mhudumu ajaribu kidole kingine, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kidole.

Kwa daktari, uliza swali moja ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: "Dokta, dawa hii imo kwenye kitita?" Dawa moja inaweza kuwa na jina lake halisi na majina mengi ya kibiashara. Akiandika jina la kampuni ya bei ghali, unaweza kuambiwa haimo, wakati dawa ileile kwa jina lake halisi imo. Baadhi ya vipimo vikubwa, dawa za gharama na vifaa huhitaji kibali cha Mfuko kwanza, na kibali kinaombwa na hospitali. Uliza nani anakiomba na lini, halafu fuatilia. Na ukiambiwa dawa haipo dirishani, usikimbilie kununua. Omba fomu ya kuchukulia dawa nje, ile 2C, uende nayo duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Dawa kutokuwepo hospitalini na dawa kutolipiwa na bima ni mambo mawili, ila mgonjwa huambiwa kwa sentensi moja fupi, "Hamna," naye anaondoka akiamini bima yake ni bure.

Nije kwenye sahihi. Mwisho wa huduma unapewa fomu, 2A na B, yenye orodha ya ulichofanyiwa na bei zake. Vituo vingi siku hizi vinajaza kwenye kompyuta, lakini bado utathibitisha. Tafadhali, usisaini fomu tupu. Najua foleni ni ndefu, mtoto analia, na dada wa dirishani amekwambia, "Saini hapa, tutajaza." Mzee mmoja mstaafu aliyehudumiwa kwingine alikuja kwangu na nakala yake, akaweka kidole juu ya mstari na kuniuliza kwa utaratibu kabisa, "Mwanangu, hizi dripu mbili niliwekewa mkono gani?" Hakuwekewa. Alikuwa amemeza vidonge na kuondoka kwa miguu yake. Alikuwa ameona kitu ambacho wachangiaji wengi hawakitazami. Kila dripu ya uongo inalipwa kutoka kwenye ile asilimia 6, na Mfuko ukielemewa, kinachokatwa ni huduma zetu. Soma mistari. Kama kuna usichopewa, sema hapo hapo; wasiporekebisha, usisaini, na upeleke taarifa ofisi ya Mfuko.

Upande wetu wahudumu nao niueleze, kwa sababu mgonjwa anaona tu sura zilizokunjamana. Kituo kinahudumia kwanza, kinadai baadaye. Daktari akisahau kuandika ugonjwa unaoendana na dawa, au kibali kikakosekana, Mfuko unakata dai na hospitali imekula hasara. Fedha zikichelewa, duka letu la dawa linapungukiwa. Ndipo unamkuta mfamasia anamwangalia mgonjwa wa bima kwa jicho la mashaka na mwenye keshi kwa tabasamu. Sikubaliani nalo, na nimegombana na wenzangu juu yake.

Ugomvi wa vituo na Mfuko, safari hii juu ya bei, ulitoka hadharani Machi 1, 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake. Hospitali binafsi kadhaa zilisema bei hazitoshi, zikasitisha kuwahudumia wanachama. Wagonjwa wa kliniki za kila mwezi waligeuzwa mlangoni. Funzo nililowapa wangu wa nyumbani ni kuwa na faili mahali pawili: kama kliniki yako ya presha au kisukari iko hospitali binafsi, hakikisha hospitali ya serikali iliyo karibu nayo inakujua, ina historia yako na majina ya dawa zako. Weka nakala ya vipimo vyako nyumbani pia.

Kuhusu kuazimana kadi nitasema waziwazi. Mdogo wako anaumwa, hana bima, unaona huruma. Naielewa, nina ndugu kama wako. Lakini mbali na kwamba ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani na kukugharimu ajira, kuna hatari ambayo sisi tunaiona kitandani. Ugonjwa wake unaandikwa kwenye jina lako: kundi lake la damu, mzio wake wa dawa, historia yake. Siku wewe ukiletwa hujitambui, daktari atasoma mwili wa mtu mwingine. Msaidie mdogo wako kujiunga mwenyewe. Akiwa chuo, wanafunzi wana utaratibu wao wa ada ndogo ya mwaka.

Mtoto wako naye akivuka umri wa utegemezi kadi yake inajifunga bila kukupigia simu. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona, na mpeleke kwenye utaratibu wa chuo kabla haijafika.

Na kwa wanaokaribia kustaafu: Mfuko unaendelea kumhudumia mchangiaji mstaafu na mwenza wake, lakini watoto na wazazi wanatoka. Kwa hiyo mwaka wa mwisho kazini ndio wa kumfanyia mama yako upasuaji wa mtoto wa jicho uliokuwa ukiahirishwa, na kukubaliana na kaka na dada zako walio kazini nani atambeba kwenye orodha yake. Miezi sita kabla ya tarehe, nenda kwa afisa utumishi ukiwa na barua ya ajira ya kwanza, salari slipu za karibuni, vitambulisho vya NIDA, chako na cha mwenza wako, na cheti cha ndoa. Ulizia kadi ya ustaafu inaombwa lini, na uondoke pale na jina la anayeishughulikia.