Usinunue mashine ya gym ya nyumbani kwa kuangalia kilo tu

Kama unatafuta mashine ndogo ya mazoezi ya nguvu ya kuweka ndani, ile namba ya kilo kwenye boksi isikudanganye, angalia kwanza waya unavyopita kwenye puli (vile vigurudumu vya kupitishia waya), maana ikiwa ni uwiano wa 2:1 basi kilo 80 za kwenye mashine, mkononi unazisikia kama 40 tu, na kwa miguu na mgongo utaizoea mapema sana. Kwa mabega na mikono haina shida, tena waya unavutika mrefu zaidi.

Cheki pia uzito unaongezeka kwa hatua gani, ukiruka kilo 10 kwa 10 zoezi la bega litakushinda.

Halafu nafasi. Vipimo wanavyoandika ni vya mashine yenyewe, wewe hujawekwa humo! Chukua tepu upime ukiwa umenyoosha mikono, na dari usiisahau kama kuna bomba la kujivuta juu. Zile za kufunga ukutani, zinazotumia mota badala ya vyuma vya uzito, ni nyembamba kweli, mi nazipenda, ila uliza kama zinafanya kazi vizuri bila malipo ya kila mwezi ya programu yake, na ukuta uwe imara, sio jipsamu tupu.