Faragha ya simu: ujali kiasi gani na uanzie wapi

Kabla hujaanza kuziba kamera na plasta jiulize kwanza, nani hasa sitaki aone mambo yangu? Maana tukisikia faragha wengi tunawaza majasusi, sababu ya ile ishu ya 2013, Edward Snowden aliyekuwa akifanyia kazi NSA, shirika la ujasusi la Marekani, alipoanika jinsi lilivyokuwa linazoa rekodi za simu za watu. Ina uzito wake kweli, ila mtu wa kawaida mara nyingi anaumizwa kwanza na mtu anayemjua au tapeli anayetaka hela. Tuanze na hao.

Mtu wa karibu hahitaji kuhak chochote. Anahitaji simu isiyo na loki na dakika moja uko bafuni, anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yake, anaskani ule mchoro wa QR kwa simu yako, anairudisha palepale, kuanzia hapo chati zako anasoma akiwa amekaa zake. Ingia WhatsApp sasa hivi, tafuta vifaa vilivyounganishwa, ukikuta usichokijua kitoe. Halafu weka loki ya maana, siyo 1234 wala mwaka wa kuzaliwa, na kwenye Google Maps cheki kama kuna mtu ulimshea lokesheni ukasahau kuzima. (Kama anayekuchunguza ni mtu mkali unayeishi naye, usikurupuke kumtoa, atajua umeshtuka. Tafuta kwanza mtu wa kukusaidia, na usimtafute kwa simu hiyohiyo.)

Tapeli naye anapenda laini yako. Akikuibia simu hata kama ina loki anachomoa laini anaweka kwenye simu nyingine, namba za uhakiki zinamjia yeye, kwa hiyo weka pini kwenye laini yenyewe, watu wengi hii hawana. WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili. Na imeili ndo ilinde kuliko vyote, paswadi yake isitumike popote pengine, kwani mwenye imeili yako anaweza kubadilisha paswadi za akaunti zako nyingine ulizofungua kwa imeili hiyo.

Sasa makampuni. Hapa ndo watu wanasema "mimi sina cha kuficha", sawa, lakini majina na namba zilizo kwenye simu yako siyo zako peke yako. Ile kashfa iliyolipuka 2018 ya Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa iliyopata data za watu wa Facebook, waliojibu maswali kwenye apu walikuwa kama laki mbili na sabini tu, data ikabebwa mpaka ya marafiki zao, Facebook wenyewe wakakadiria inaweza kufika watu milioni 87. Kwa hiyo ingia kwenye setingi za simu, fungua ruhusa za apu, pitia lokesheni, maikrofoni na kontakti. Tochi inataka lokesheni ya nini? Siyo utani, 2013 FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda wateja, iliibana apu ya tochi iliyokuwa inapeleka lokesheni za watu kwa watu wa matangazo. Ramani ipe ruhusa wakati unaitumia tu, zilizobaki nyima, ikigoma kufanya kazi utairudishia.

Na ile ya kubrauzi incognito, yaani brauza isihifadhi historia, haikufichi kwa kampuni ya mtandao wako wala kwa tovuti unazofungua, inakuficha kwa mtu atakayeshika simu baada yako, basi.

Serikali je? Meseji za WhatsApp zimefungwa tangu 2016, mtu wa katikati hawezi kuzisoma, ila nani kachati na nani na saa ngapi WhatsApp wenyewe bado wanaweza kujua, na bakapu inayoenda Google Drive haina ulinzi huo mpaka uuwashe mwenyewe. Washa, na ile paswadi yake iandike mahali, ukiisahau na simu yenyewe imepotea, chati ndo zimeenda. Kama wewe ni mwandishi wa habari au mwanaharakati, haya hayatoshi, kuna programu za kijasusi kama Pegasus zinaingia kwenye simu bila hata kubonyeza linki. Apdeti simu kila ikikuambia, na kama unatumia iPhone ya iOS 16 kwenda juu washa Lockdown Mode, ulinzi mkali wa kuzuia udukuzi wa aina hiyo, itakunyima baadhi ya vitu lakini kwa kazi yako vumilia tu.