Fundisha mkono wako kwa choya kabla hujagusa seli shina

Mdogo wangu unayesoma baiolojia hapa Dodoma, kama umepata nafasi kwenye maabara ya chuo kikuu inayochunguza ukuaji wa ubongo kwa kutumia seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), au bado unaitafuta, nimekuandikia wewe. Mimi nilimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, nikaenda Ujerumani na cheti chenye alama nzuri na mkono usiojua lolote. Miezi mitatu ya kwanza niliua seli nyingi sana, na kila sahani (chombo bapa cha kukuzia seli) niliyoua ilikuwa wiki nzima ya kazi ya mtu. Karibu yote niliyokosea ningeweza kuyafanyia mazoezi chumbani kwangu Ng'hong'hona, kwa choya, bizari na bomba la sindano.

Kwanza ujue unaenda kulisha nini. Mwaka 2006, huko Japani, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walichukua seli za kawaida za panya, wakaziingizia jeni 4, zikarudi kwenye hali ya uchanga inayoziwezesha kugeuka seli ya aina yoyote mwilini. Mwaka 2007 ikafanyika kwa seli za binadamu, na 2012 Yamanaka akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Kwa hiyo leo kipande cha ngozi au damu kidogo ya mtu aliyeridhia inatosha kuanzisha seli shina. Mwaka 2013 Madeline Lancaster, Jürgen Knoblich na wenzao huko Vienna, Austria, wakaonyesha kuwa seli hizo zikitunzwa vizuri hujipanga zenyewe kuwa kidonge cha tishu ya ubongo mchanga. Kinaitwa oganoidi. Kinafika kama milimita 4 na hakina mishipa ya damu, hivyo seli za katikati huanza kufa kwa kukosa hewa na chakula. Watu wa nyumbani wakikuuliza, waambie ni tishu inayotuonyesha hatua za mwanzo za ubongo. Usiwaambie unakuza ubongo wa mtu.

Sababu yangu ya kwenda nitakuambia, maana ndiyo iliyonirudisha maabara kila Jumapili asubuhi. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na mgongo wazi. Mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, huwa umeshajifunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Siku hizo mama wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Dada alianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne, akapewa vidonge vyake vya foliki asidi, vinavyosaidia mrija huo kujifunga, akavimeza bila kuruka hata siku moja, wakati mrija ulishapitwa na muda wake wa kufunga. Mikrogramu 400 kwa siku zinatakiwa zianze kabla ya mimba. Hakuna aliyemwambia. Tangu hapo nikataka kuziona kwa macho yangu hizo seli za siku za mwanzo, zile ambazo tumboni hakuna anayeweza kuzifuata zikiwa kazini.

Sasa mazoezi. Nenda soko la Majengo ununue choya kavu, bizari ya manjano, limao na magadi kidogo. Duka la dawa chukua bomba la sindano la mililita 1, sindano yake usiitumie. Tafuta vikombe sita vyeupe vya kahawa, visosi viwili, ulezi kiasi cha kiganja, glavu, na ukiweza azima mizani ndogo kama ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Chemsha choya, chuja, acha ipoe. Hicho ndicho chakula chako cha seli.

Anza na bizari, kwa sababu uchafu ni mmoja wa wauaji wakubwa wa seli. Vaa glavu, chovya ncha za vidole viwili kwenye bizari, kisha fanya kazi yote kama vile uko maabara: fungua chombo cha choya, vuta, gawa kwenye vikombe sita, funika kila kimoja. Ukimaliza, angalia ilipo rangi ya manjano. Mara ya kwanza utaikuta kwenye mdomo wa kikombe, ndani ya kifuniko, hata kwenye shavu lako, na hukumbuki ulijigusa saa ngapi. Palipo na bizari, maabara pangekuwa na kuvu au bakteria. Rudia mpaka vikombe vibaki vyeupe. Siri ni moja: mkono usipite juu ya chombo kilicho wazi. Kifuniko ukikitoa, kishike kikitazama chini au kiweke pembeni, wala usipitishe kiwiko juu yake. Fanya zoezi hili Agosti dirisha likiwa wazi, upepo wetu wa Dodoma ukipeperusha vumbi, utaelewa kwa nini kule wanafanyia kazi ndani ya kabati linalosukuma hewa iliyochujwa, na kwa nini kila chupa hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70 kabla haijaingia.

Mimi niliwahi kuingiza chupa bila kuifuta kwa sababu nilikuwa nachelewa basi. Siku mbili baadaye sahani nne zilikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu kama pamba. Moja ilikuwa ya mwenzangu.

Baada ya bizari, ulezi. Tandaza punje chache kwenye kisosi chenye choya kidogo. Vuta choya ile kwa bomba huku umeinamisha kisosi, kisha rudisha choya mpya, bila punje hata moja kuhama ilipokuwa. Hapo ndipo mkono unapofundishwa kweli. Seli shina hukaa makundi makundi, zimejishika kwenye sakafu ya sahani, na hubadilishiwa chakula kila siku. Ukizimwagia kwa pupa zinang'oka. Ncha ya bomba iguse ukuta wa kisosi, kimiminika kiteremke ukutani chenyewe, na gumba lisukume polepole bila kusita katikati. Nilifanya hivi jioni mbili tu nikiwa kule, kwa maji na chia, na mkono ukatulia. Laiti ningeanza nyumbani.

Halafu rangi. Gawa choya vikombe vitatu: kimoja kiache, kimoja kamulia limao, cha tatu tia magadi kidogo. Chenye limao kitakuwa chekundu cha kung'aa. Chenye magadi kitageuka zambarau, ukizidisha kijani kilichofifia. Chakula cha seli nacho huwa na rangi inayotoa habari kama hiyo, ila yenyewe ikipata asidi hugeuka njano, na ikipungukiwa asidi huwa waridi iliyokolea. Njano maana yake seli zimejazana na zimechafua chakula chao, au bakteria wameingia. Waridi iliyokolea mara nyingi maana yake sahani imekaa nje muda mrefu, au hewa ya ukaa imeisha kwenye inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli), ambayo inatakiwa iwe na asilimia 5 ya hewa hiyo na joto la nyuzi 37. Zoea kusoma rangi kabla hujasoma kitu kingine. Na umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia. Joto lililomo ndilo linalozilinda.

Jambo moja litakuchanganya. Sakafu ya sahani hupakwa Matrigel, jeli ya protini ambayo seli hujishikia, na tabia yake ni kinyume cha samli. Samli ya kwetu ukiiweka kwenye baridi inaganda, ukiipasha inayeyuka. Matrigel ikiwa baridi ni kimiminika, ikipata joto la chumba tu inaganda. Iyeyushe usiku kucha kwenye friji, juu ya barafu, na vyombo vyote vitakavyoigusa viwe vya baridi. Ukiishika kiganjani kwa mazoea ya samli, umeiharibu, na ni ghali.

Kuchagua makundi mazuri, wewe tayari unakujua kama umewahi kuchambua mchele kwenye ungo. Chini ya hadubini kundi zuri lina ukingo mkali, seli zake zimebanana na zinafanana. Ukiona pembeni seli zimetawanyika, zimenenepa au zimerefuka, hizo zimeshaanza kugeuka kitu kingine. Zikwangue uzitoe kabla ya kugawa sahani, yaani kuhamishia seli kwenye sahani mpya zinapojaa. Chora unachokiona kila siku kwenye daftari, hata kama mchoro ni mbaya, maana jicho linalochora huona zaidi.

Wakati wa kugawa, punguza nguvu. Seli hizi zikiachanishwa moja moja nyingi hufa, kwa hiyo katika kugawa kwa kawaida tunaziacha kwenye vipande vidogo. Vuta na sukuma mara mbili au tatu, basi. Ni wakati wa kuanzisha oganoidi tu ndipo tunazitenganisha kabisa, tukiziwekea dawa ya kuzikinga, kama seli 9,000 kwenye kila kishimo cha sahani. Kwenye utaratibu ule wa Vienna, siku ya 11 kila kidonge huwekwa ndani ya tone la Matrigel, siku ya 15 huhamia kwenye chombo kinachozungushwa ili chakula kipenye. Usiruke siku. Na kila sahani iandikwe jina lako, tarehe, aina ya seli na imegawanywa mara ngapi.

Ukirudi nyumbani kufanya utafiti, anza mapema kuomba kibali cha maadili NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Seli zimetoka kwa mtu, na mtu huyo ana haki ya kujua zinafanyiwa nini.

Kabla ya kusafiri, jipime. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1. Weka kikombe kwenye mizani, kisha sukuma maji nusu mililita mara kumi, ukiandika kila namba. Nilipoanza namba zangu zilitoka 0.43 hadi 0.58. Zikifika kumi mfululizo kati ya 0.48 na 0.52, na kwenye zoezi la ulezi hakuna punje iliyohama, omba upewe kishimo kimoja cha seli ulishe wewe mwenyewe, mwenzako akiwa amesimama pembeni.