Somo: Altaneta imelowa oili. Ni valvu ya VVT-i, au kuna kitu kinavuja juu yake?

Somo hili ni la injini za 1NZ-FE na 2NZ-FE, yaani IST, Vitz, Raum, Probox na ndugu zao waliojaa barabara za Mwanza. Injini nyingine zina mpangilio wake. 2ZR, kwa mfano, ina valvu mbili, moja ya intek na moja ya egzosti, kwa hiyo kagua zote.

Fungua boneti, simama mbele ya gari. Kushoto kwako, upande wa mikanda, utaona plagi ya nyaya mbili imechomekwa kwenye kitu cha duara kilichoingia ndani ya silinda hedi, juu ya altaneta. Hiyo ndiyo valvu ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha taiming, yaani wakati valvu za injini zinapofunguka. Kompyuta huipa umeme, nayo huamua oili yenye presha iende upande gani wa gia ya kemshafti ili taiming iwahi au ichelewe. Kinachozuia oili isitoke nje pale inapoingilia ni oringi moja tu ya mpira.

Hatua ya 1: Safisha kabla ya kulaumu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Oili ikichanganyika na vumbi letu jekundu inakuwa tope, na tope halikuambii lilikotoka. Ukiwa umeenda Magu na kurudi, upepo umeshaisambaza mpaka kwenye giaboksi.

Injini ikiwa baridi, funika altaneta kwa mfuko wa plastiki. Pulizia breki klina, sugua kwa brashi, acha ikauke kabisa. Mpira wa maji wa presha weka kando, maji yataingia kwenye plagi. Kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka valvu, chini ya ukingo wa tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na kwenye mshono wa kava ya cheni ya taiming. Toa mfuko, washa gari, liache sailensa (bila kukanyaga mafuta) mpaka feni ya rejeta iwake, halafu shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili hivi. Mulika kwa tochi, tumia na kioo kidogo. Weka mikono mbali na mikanda.

Oili hushuka, haipandi. Tafuta sehemu ya juu kabisa ambapo poda imelowa:

Ikiwa ni ukingo wa tapeti kava, tatizo ni gasketi yake, valvu inadondokewa tu. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na valvu nzima nyingi zimetupwa bure kwa sababu hiyo. Ikiwa ni mshono wa kava ya cheni, silikoni yake imeachia. Hiyo ni kazi kubwa. Ikiwa ni pale valvu inapoingia kwenye hedi, ni oringi. Na ikiwa oili inatoka kati ya kichwa cha plastiki na mwili wa chuma, au iko ndani ya plagi, valvu yenyewe imekwisha.

Hatua ya 2: Kuitoa

Subiri ipoe. Chomoa plagi kwa kubonyeza kilimi chake. Plastiki ikizeeka huvunjika, usiivute kwa waya. Weka kitambaa juu ya altaneta. Fungua boliti moja, spana namba 10. Zungusha valvu kidogo kushoto na kulia kwa mkono mpaka iachie, kisha ivute moja kwa moja. Ukiichokonoa na bisibisi chini ya plastiki, utanunua valvu.

Hakikisha oringi ya zamani imetoka nayo. Ikiwa ngumu, bapa, ikikunjwa inapasuka, umempata mwizi.

Hatua ya 3: Pima ikiwa mkononi

Weka mita kwenye pini mbili: ikiwa baridi, isome omu 6.9 hadi 7.9. Ya moto husoma zaidi, isikutishe. Kisha gusisha umeme wa betri, volti 12, kwa sekunde moja tu. Kipini cha ndani kiruke, ukiondoa kirudi. Kikikwama, safisha kwa breki klina. Kikiendelea kukwama, badilisha.

Hatua ya 4: Kurudisha

Nenda dukani na valvu yenyewe, usiende na kipimo cha kukisia. Omba oringi ya Viton, aina ya mpira unaovumilia joto. Ya mfumo wa breki usiiguse: mpira ule huvimba ukikutana na oili ya injini.

Futa tundu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, paka oringi oili safi, sukuma kwa mkono mpaka sikio la valvu liguse hedi. Ndipo ufunge boliti. Usiivute valvu kwa boliti. Nguvu ni kama Nm 7.5, yaani spana fupi na vidole, si mkono mzima. Kagua kiwango cha oili kwenye kijiti, washa, na urudie kutazama baada ya siku mbili.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la anakotoka)

Igoma: Shikamoo fundi. Nimebadili oringi mara mbili, bado plagi imejaa oili.

Jibu: Marahaba. Oringi haina kosa. Oili inapita ndani ya koili. Badilisha valvu, na usafishe plagi ya upande wa nyaya pia, maana oili husafiri ndani ya waya.

Sengerema: Naweza kupaka silikoni kidogo ili nifike mjini?

Jibu: Hapana, kaka. Kipande kikiachia ndani kinaweza kukwamisha kipini au kuziba chujio dogo la valvu. Gari litatetemeka sailensa, mashine ya kupimia hitilafu isome P0011 au P0012, yaani taiming imewahi au imechelewa mno. Beba lita moja ya oili, kagua kijiti njiani.

Nyakato: Baada ya kuifunga, taa imewaka na mashine inasema P0010.

Jibu: Hiyo ni ya umeme, dada. Plagi haikukaa, au waya umekatika ulipovutwa. Ichomeke mpaka ilie, kisha rudia kipimo cha omu.

Kirumba: Nikaoshe injini ufukweni ili nione kama imekauka?

Jibu: Usiende. Oili itaishia ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa humo humo. Kitambaa na breki klina vinatosha.

Buzuruga: Boliti inazunguka tu, haikazi.

Jibu: Nyuzi za alumini zimekatika. Usilazimishe boliti nene. Toa valvu, ziba tundu lake kwa kitambaa, tia helikoili ya M6 (springi ya chuma inayotengeneza nyuzi mpya), na utoe kila chembe ya chuma kabla ya kuirudisha.