Ukishikwa, usitie saini kabla hujasoma

Wadogo zangu mnaovua dagaa Kibirizi, Kigoma, mdogo wangu alishikwa kwa tuhuma za kuiba injini ya boti. Alirudi na wino kwenye kidole gumba. Alichotia dole hakusomewa.

Kwanza uliza: nashikiliwa kwa kosa gani? Lazima uambiwe. Kabla ya mahojiano askari anatakiwa kukuonya kwamba hulazimiki kusema lolote, na utakalosema laweza kuwa ushahidi. Jina na anwani yako vitaje. Mengine unaweza kunyamaza. Omba kumjulisha wakili, ndugu au rafiki. Sema kwa adabu, "Afande, naomba nimpigie dada yangu." Usibishane, usikimbie.

Tazama saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatoa saa 4 za msingi za kukuhoji tangu uliposhikwa, na zinaweza kuongezwa. Muda wa kukusafirisha hauhesabiwi, na mtu wa kuletwa kutoka vijiji vya ziwani hilo alijue.

Sasa maelezo, yale askari anayoandika unapohojiwa: hapa ndipo wengi wanapoumia. Yakishaandikwa, omba kuyasoma. Kama husomi, usomewe yote, taratibu. Ukikuta "niliiba" wakati ulisema "niliazima", dai neno hilo lirekebishwe kabla ya saini. Maelezo ya kukiri yaliyotokana na kipigo au vitisho hayapaswi kupokelewa mahakamani, kwa hiyo ukipigwa mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa, na mwonyeshe alama.

Dhamana ya polisi ni bure. Ndugu wakiombwa hela, wasitoe.