Vifaranga vya sato: namna ya kuwafikisha bwawani wakiwa wazima

Mfugaji ananunua vifaranga 1,000, anawamwaga bwawani jioni, wote wanaogelea na kupotea kwenye maji ya kijani. Miezi sita baadaye anavuna 400, analaumu wezi, ndege au muuzaji. Mara nyingi hasara hiyo ilikwisha kutokea wiki ya kwanza, na chanzo chake ni safari na jinsi mfuko ulivyofunguliwa. Kifaranga aliyepatwa na mshtuko wa joto si lazima afe papo hapo. Huondoka akiogelea, hukataa kula, hushikwa na ukungu na kufa siku ya pili, ya tatu au ya nne. Wengi huzama au kuokotwa na ndege kabla mwenyewe hajawaona, ndiyo maana tatizo hili halishtukiwi mapema.

Bwawa litangulie

Usilipie vifaranga wakati bwawa bado kavu. Tandaza chokaa ya kilimo kwenye sakafu na kuta, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, kiasi kikubwa zaidi kama udongo ni mchachu. Jaza maji kupitia wavu wenye matundu madogo ili mayai na watoto wa kambale wa mtoni wasiingie. Kina kiwe sentimita 80 upande wa maji kidogo na mita 1.2 upande wa kina. Kisha weka samadi kavu ya kuku, kilo 5 kwa mita za mraba 100 kwa wiki, au ya ng'ombe kilo 10. Baada ya siku 7 hadi 10 maji yatakuwa ya kijani. Zamisha mkono taratibu: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, chakula cha asili kipo cha kutosha. Kikipotea kabla ya hapo, simamisha samadi.

Maji yakishakuwa tayari, usiyaache wiki tatu yakisubiri fedha za vifaranga. Lava wa kereng'ende na wadudu waogeleao chali watajaa humo, na hao hula vifaranga wadogo bila huruma.

Kwa wanaofugia kwenye matangi mjini, maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku mbili. Tangi jipya la saruji lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwanza, kwa sababu saruji mbichi hupandisha pH (namba inayopanda kadiri tindikali ya maji inavyopungua) hadi kiwango cha kuua.

Unapowachagua

Vituo vya serikali kama Kingolwira mkoani Morogoro, Sagana nchini Kenya na Kajjansi nchini Uganda huzalisha vifaranga, na wazalishaji binafsi wapo wengi. Popote unaponunua, uliza mambo matatu: uzito wa wastani, kama ni dume tupu au mchanganyiko, na lini walikula mara ya mwisho.

Chukua wa gramu 2 hadi 5 kama unawapeleka moja kwa moja bwawani. Wa chini ya gramu moja ni rahisi kwa bei, lakini huliwa na karibu kila kiumbe kilichomo majini. Wawe wa ukubwa unaolingana, maana wakubwa huwanyang'anya wadogo chakula na hata kuwala. Vifaranga vya dume tupu hupatikana kwa kulishwa chakula chenye homoni katika wiki tatu hadi nne za mwanzo baada ya kuanguliwa. Mchanganyiko ni nafuu, ila wataanza kuzaana wangali wadogo, na utavuna samaki wengi wasiojaza sahani.

Omba wawekwe kwenye beseni, kisha koroga maji kwa mkono yazunguke. Wazima hugeuka na kuogelea kinyume cha mkondo. Wanaobebwa na maji, waliopauka, wenye mapezi yaliyochanika au nyuzi nyeupe kama pamba mwilini, usiwachukue.

Wawe hawajala kwa saa 24. Hili wauzaji wengine hulipuuza kwa haraka ya biashara. Kifaranga aliyeshiba hunya ndani ya mfuko, kinyesi huoza, maji hutoa povu, na amonia, kemikali itokanayo na uchafu wa samaki, hupanda. Ukiona mfuko umeanza kuwa na povu kabla hujaondoka kituoni, kataa.

Safari

Mfuko uwe wa tabaka mbili, maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Pembe za chini zifungwe kwa raba, kwani vifaranga hujisukuma kwenye kona na kubanwa wakafa. Funika mifuko kwa gunia lililoloweshwa, isikae kwenye buti lililopigwa na jua wala juu ya injini. Safiri alfajiri au usiku. Kwa bodaboda, weka mfuko ndani ya ndoo au kreti ili usichomwe na waya.

Kufungua mfuko

Hapa ndipo vifaranga wengi hufa. Njiani samaki hutoa hewa ukaa, ambayo huyafanya maji ya mfuko kuwa na tindikali. Hutoa pia amonia, lakini katika maji ya tindikali sehemu kubwa ya amonia hiyo hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu. Kwa hiyo mfuko uliofunguliwa haupaswi kusubiri mgeni rasmi, picha wala hesabu.

Acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa, dakika 20 hadi 30, kivulini au chini ya majani ya mgomba. Mfuko uliofungwa ukiachwa juani hupata joto upesi kuliko bwawa lenyewe. Tumia kipimajoto: tofauti kati ya maji ya mfuko na ya bwawa isizidi nyuzi 2. Sato hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na anayetoka kituo cha joto kwenda bwawa la nyanda za juu ndiye anayehitaji muda mrefu zaidi wa kuelea.

Joto likishalingana, fungua, ongeza maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja kwa dakika 10 hadi maji ya mfuko yawe maradufu. Baada ya safari ya usiku kucha, fupisha hatua hii, kwa sababu amonia imejikusanya nyingi. Kisha laza mdomo wa mfuko majini na uwaache watoke wenyewe. Usiwamwage kutoka juu. Fanya kazi hii jua likishachomoza vizuri au jioni. Kabla ya mapambazuko oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa, na mchana maji ya juu huwa ya moto.

Idadi iwe kama 3 kwa mita ya mraba katika bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa. Mpango wa serikali ya Kenya ulioanza 2009 ulitumia kipimo kinachokaribia hicho: bwawa la mita za mraba 300 kwa vifaranga 1,000.

Wiki ya kwanza

Unapowaachia, tenga 50 kati yao uwaweke kwenye kizimba kidogo cha chandarua kisicho na dawa, kilichofungwa kwenye miti minne humo humo bwawani. Waangalie kwa siku tatu. Wakifa 5, kadiria umepoteza asilimia 10 ya wote, na una ushahidi wa kumwonyesha muuzaji. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna njia nyingine rahisi ya kujua idadi uliyobaki nayo. Wakiota ukungu, waogeshe kwenye maji ya chumvi gramu 10 kwa lita, dakika 10, ukiwa umesimama hapo hapo. Anayelala ubavu atolewe mara moja. Usimwage chumvi bwawani.

Siku ya kwanza usiwalishe. Siku ya pili anza na chakula cha unga chenye protini asilimia 35 hadi 40, kidogo, mahali pamoja, saa zilezile. Wakizoea, wape asilimia 6 ya uzito wao kwa siku: vifaranga 1,000 wa gramu 5 wana uzito wa kilo 5, kwa hiyo gramu 300, ukizigawa mara tatu au nne. Ukiwa umebakiwa na 600 huku unalisha wa 1,000, chakula kinachobaki huoza chini na kumaliza oksijeni. Ukiwakuta alfajiri wanatweta juu ya maji, ingiza maji mapya, simamisha chakula na samadi hadi watulie.

Fyeka majani ya kingoni ili chura na nyoka wasipate maficho, na vuta nyuzi juu ya bwawa kuzuia ndege kama mdiria na mnandi. Zungusha wavu wa chini dhidi ya kenge, uuzike sentimita 20 ardhini. Baada ya wiki nne vua 30, wapime kwa pamoja, gawanya kwa 30, kisha zidisha kwa idadi iliyobaki ili kupanga upya kiasi cha chakula.